Sifongo si godoro, wala si dodoki

Swali lilitoka kwa mtoto wa darasa la tano mjini Njombe, wiki ya Pasaka, baada ya kusikia kanisani habari ya sifongo iliyojazwa siki. Mama akamjibu kwamba sifongo ni sponji, lile la kuoshea vyombo. Bibi akakataa, akasema ni dodoki la kuogea. Baba, ambaye ana duka la magodoro Makambako na hurudi nyumbani mwisho wa wiki, akapigiwa simu aamue kesi. Akaamua kwa kicheko: sponji ni godoro, nani asiyejua? Mtoto akasema mwalimu wao aliwaambia sifongo ni mnyama. Wote watatu wakacheka, na mtoto akaambiwa aache kubishana na wakubwa.

Mtoto alikuwa sahihi. Na mtoto anayechekwa kwa jibu sahihi, wiki inayofuata haulizi tena.

Wakubwa nao wana sababu. Njombe ni juu milimani, bahari iko mbali, na vitu vilivyozoeleka madukani ni hivyo vitatu walivyovitaja. Dodoki ni tunda la mmea unaotambaa. Likikomaa na kukauka hubaki nyuzi tupu. Sponji la jikoni na la godoro hutengenezwa kiwandani kwa kemikali zitokanazo na mafuta ya petroli. Lakini sifongo ya zamani, ile waliyoitumia Warumi na Wagiriki kuogea na kusafishia, ilitolewa chini ya Bahari ya Mediterania na wapiga mbizi. Ilikuwa mifupa ya mnyama, kama mtu anaweza kuiita mifupa kitu laini namna ile.

Mnyama gani, mtoto atauliza, asiye na mdomo? Ni kweli hana. Hana tumbo, moyo, damu, mishipa ya fahamu wala ubongo. Akishakua hahami, hukaa amejishika kwenye mwamba, ndiyo maana kwa karne nyingi wengi walimdhania mmea. Mmea, hata hivyo, hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Sifongo hula.

Namna anavyokula ndiyo sehemu ya kumsimulia mtoto taratibu. Mwili wake wote umetobolewa vitundu vidogo mno, na kwa juu kuna tundu moja kubwa, au kadhaa. Maji huingia kwa vile vidogo na kutoka kwa lile kubwa, mfano wa jiko la kuni ambalo hewa huingia kwa nyufa za ukuta na moshi hutoka kwa bomba moja. Kinachosukuma maji ni seli zilizopangwa kwenye vyumba vidogo ndani ya mwili. Kila seli ina mjeledi mmoja mwembamba unaochapa maji bila kupumzika, na kuuzunguka mjeledi huo kuna kola inayonasa bakteria na chembe za chakula, kama kichujio kinavyonasa majani ya chai. Seli nyingine hutembea mwilini kama wapagazi, zikigawa chakula. Hewa ya oksijeni huja na maji hayo hayo, na uchafu huondoka nayo. Kwa siku moja sifongo anaweza kuchuja maji yenye ujazo wa maelfu ya mara ya mwili wake.

Vitundu vikijaa uchafu, baadhi yao hupiga chafya. Hujikunja polepole na kuusukuma nje, na chafya moja inaweza kuchukua nusu saa nzima. Watoto hawaisahau hiyo.

Mwili huu hausimami wenyewe. Sifongo wengi wana vijiti vidogo vyenye ncha kali, vya chokaa au vya silika, ambayo ndiyo asili ya kioo. Wale wa kuogea hawana vijiti hivyo. Wana nyuzi laini za protini, na hizo ndizo hubaki seli zikishaoza na kuoshwa.

Mwaka 1907 mwanasayansi wa Marekani, Henry Van Peters Wilson, alimkamua sifongo hai kupitia kitambaa cha hariri mpaka seli zikaachana. Seli zile zikatafutana ndani ya maji, zikaungana na kuwa sifongo tena. Uwezo huu wa kuanza upya kutoka kipande ndio unaowaingizia kipato kina mama wa Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, ambako kilimo cha mwani kimeyumba kwa sababu ya maji kuwa ya moto. Wanakata vipande vya sifongo, wanavifunga kwenye kamba baharini, wanavisafisha mara kwa mara, na baada ya mwaka mmoja au zaidi wanavuna na kuuza.

Tena kuna hili linalomhusu mzazi moja kwa moja. Miaka ya 1950 kemikali zisizo za kawaida zilipatikana kwa sifongo wa bahari ya Karibi, na kutokana na mfano wake ikatengenezwa dawa iitwayo sitarabini, ambayo hadi leo hutibu saratani ya damu, ya watoto pia.

Kuhusu sponji la jikoni, vitundu vyake havimlishi mnyama yeyote, ila bakteria huvipenda. Likamuliwe, likaushwe, na likianza kunuka litupwe.

Na kwa baba wa Makambako, ambaye huenda atasema mambo ya bahari hayawahusu watu wa milimani: sifongo wapo pia wa maji baridi. Ziwa Nyasa, ambalo ufuo wake wa Ludewa uko ndani ya mkoa huu huu wa Njombe, lina aina yake isiyojulikana kuishi popote pengine. Wanasayansi wanaiita Malawispongia, kwa jina ambalo majirani wa ng'ambo huliita ziwa hilo.