TUCHAGUEJE MFUKO WA VIPANDE?



Siku hizi habari za vipande zasemwa kila mahali: sokoni, ofisini, hata katika chumba cha walimu. Ni jambo jema, maana akiba haiozi. Lakini aghalabu nasikia swali moja tu likiulizwa: "Mfuko upi ulitoa faida kubwa mwaka jana?" Kwa maoni yangu hilo ni swali la mwisho, wala si la kwanza, na mwenye kulitanguliza aweza kuumia.

Kwanza yafaa tujue mfuko ni kitu gani. Watu wengi huchanga fedha zao pamoja. Meneja wa mfuko huzinunulia hisa za makampuni au hatifungani za Serikali, ama huziweka benki kwa muda maalumu. Kila mchangaji hupata vipande kwa kadiri ya fedha yake. Mali ya mfuko ikipanda thamani, kipande nacho hupanda. Ikishuka, nacho hushuka. Hapa Tanzania Mfuko wa Umoja ulifunguliwa mwaka 2005, na baadaye ikafuata mingine ya UTT AMIS kama Watoto, Jikimu na Ukwasi. Tena yako makampuni mengine yenye mifuko yao.

Swali la kwanza liwe hili: fedha hii nitaihitaji lini? Likizo iliyopita baba yangu, ambaye ni mkulima wa mahindi, alikuwa na shilingi 600,000 za kunipeleka Chuo mwaka ujao. Jirani alimshauri anunue vipande vya mfuko wenye hisa nyingi, kwa kuwa ulikuwa umepanda sana. Nikamwambia, "Baba, hisa zikianguka mwezi wa kulipa ada, Chuo hakitatungojea mpaka zipande tena." Akaniuliza, "Na mdogo wako aliye darasa la kwanza?" Nikajibu kuwa huyo ana miaka zaidi ya kumi mbele yake, aweza kungoja. Basi mwenye fedha ni mmoja, lakini mfuko wa mtoto mmoja haumfai mwingine.

Wala kuanguka huko si hadithi. Mwaka 2008 mfuko uliofuata hisa za makampuni makubwa 500 ya Marekani ulipoteza zaidi ya theluthi ya thamani yake. Waliongoja miaka kadhaa walirudishiwa na kuongezewa. Waliolazimika kuuza mwaka ule walipata hasara.

Swali la pili ni la ada. Meneja hulipwa kutoka katika mali ya mfuko, na mifuko mingine hukata kitu mtu anapoingia au anapotoka. Asilimia 2 kwa mwaka yaonekana ndogo, lakini tupige hesabu. Shilingi 100,000 zikikua kwa asilimia 10 kila mwaka, baada ya miaka 20 huwa kama 672,700. Zikikua kwa asilimia 8 huwa kama 466,100 tu. Asilimia mbili zile zimekula zaidi ya shilingi 206,000, yaani mara mbili ya fedha tuliyoanza nayo! Faida ya kesho haijulikani, lakini ada huandikwa katika waraka wa mfuko. Hapana budi tuisome kabla ya kutia sahihi.

Swali la tatu: nani anausimamia? Mfuko wa halali hupewa idhini na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na hueleza fedha imewekwa wapi. Tukumbuke DECI, ambayo Serikali iliizuia mwaka 2009. Watu waliambiwa "wapande mbegu" na kuvuna maradufu, kumbe mavuno ya waliotangulia yalikuwa mbegu za waliofuata. Mtu akikuahidi faida kubwa isiyoshuka kamwe, mkimbie.

Wako watakaosema kwamba mambo haya si ya wanafunzi, kwa sababu hatuna fedha. Sikubaliani nao. Katika nyumba nyingi sisi ndio tunaowasomea wazee barua na karatasi za benki. Tukijua kukokotoa riba katika mtihani, lakini tukashindwa kumwambia mama karatasi iliyo mkononi mwake yasema nini, elimu yetu imemfaa nani? Naomba walimu wetu wa Hesabu watupe waraka mmoja wa mfuko darasani muhula ujao, tuusome mstari kwa mstari.

Na tukimaliza maswali hayo matatu, hapo ndipo tuulize habari za faida ya mwaka jana. Tena tuulize ya miaka mitano au kumi, si ya mmoja. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita