RUTA YA ANTENE NANE: MIMI SIKUBALI



Juma lililopita mulisikia kelele mu uwanja kisha chakula cha muchana. Haikuwa juu ya mupira. Ilikuwa juu ya kisanduku. Yaya zetu wa mwaka wa sita wanataka kasa ya baraza la wanafunzi itoe dola 160 ili tuagize ku Bukavu ruta mupya ya Wi-Fi, ile yenye antene nane na taa nyekundu, yenye imeandikwa juu ya kartoni yake kwamba ni ya wachezaji. Wanasema ikifika tu, PlayStation yetu haitakwama tena. Kikao ni siku ya nne. Mimi ni wa mwaka wa tano, na najua mudogo akisimama kuwapinga wakubwa mbele ya watu, wanamuangalia vibaya. Ndiyo maana naandika.

Mimi sikubali ile ruta. Lakini musiniweke pamoja na wenye kukataa muchezo. Wako watu wazima wanaosema PlayStation inaharibu vijana. Vijana wa hapa Salamabila wako na mambo mingi yenye kuwaharibu, tangu mashimo ya dhahabu mpaka bunduki za pori, na saa mbili za kucheza siku ya posho naona haiko hata ya kumi mu ile hesabu. Nacheza, na napenda kushinda. Ninachokataa ni kutoa dola 160 kwa kununua dawa ya ugonjwa wenye hatuna.

Kwanza tuangalie mashini yenyewe. PlayStation 4 yetu, yenye mwanafunzi wa zamani alituachia, niliigeuza nikasoma namba yake chini. Inaanza na CUH-1. Maana yake ni ya namna ya kwanza kabisa, ile iliyotoka mu mwaka 2013. Ile ya kwanza inajua Wi-Fi ya gigahertzi 2.4 tu. Ndugu zake waliokuja mu 2016, Slim na Pro, ndio walianza kusikia pia gigahertzi 5. Sasa ile ruta ya antene nane, nguvu yake yote iko wapi? Iko ku gigahertzi 5. Pale ndipo wanapata zile namba kubwa za kuandika juu ya kartoni. Mashini yetu haitaisikia hata kidogo. Ni kama kumunulia mutu redio ya lugha yenye hasikii.

Na hata kama tungekuwa na PlayStation 5, ile ya 2020, yenye inasikia zote mbili, bado ukuta uko pale. Gigahertzi 5 inakimbia sana lakini inachoka upesi. Ikipiga ukuta wa matofali ya kuchoma, kinachobaki ni kidogo. Ile ya 2.4 inaenda polepole zaidi lakini inapita kuta vizuri kuliko mwenzake. Toka biro ya muzee prefe mpaka sale yetu ya muchezo nilipima kwa hatua: ni metre 35, na mu katikati kuna kuta tatu na mabati ya depo. Mabati ni mabaya kuliko kuta, sababu chuma kinarudisha Wi-Fi kule ilikotoka.

Jambo la pili, na hapa wengi walinicheka: ruta tuko nayo tayari. Kile kisanduku cheupe mu biro ya prefe, chenye kamba inapanda mpaka ku antene ya satelite juu ya nyumba, ni ruta. Watu wanafikiri kwamba ruta ndiyo inaleta intaneti. Hapana. Intaneti inaletwa na ile antene; ruta ni mutu wa mulangoni tu, anagawa kile kimefika. Ukiweka mutu wa mulangoni mwenye koti ya bei kali, magunia yenye kuingia ni yale yale. Kartoni inasema megabiti zaidi ya 5,000 kwa sekonde. Mimi nimepima ya kwetu mara nyingi kwa telefone ya mwalimu mmoja, na siku nzuri ilifika 90.

Lakini tuseme hata hiyo 90. Muchezo unahitaji ngapi? Kidogo sana. Kucheza mechi moja ya mupira na mutu wa mbali kunakula mega chache; saa nzima, mara nyingi haifiki mega 200. Chenye kinakula ni kuteremsha muchezo wenyewe, giga 40 na zaidi, na yale matengenezo yake yenye hayaishi. Kucheza ni kitu kingine. Kucheza ni kutuma vibarua vidogo sana, makumi kwa sekonde, na kungojea majibu. Hapa kwetu mutu ataelewa upesi. Kamyo inabeba magunia mia kutoka Kasongo, lakini mu majira ya mvula inaweza kulala mu matope siku ngapi. Mutu wa pikipiki anabeba barua moja na anafika mangaribi. Muchezo ni barua. Kununua njia pana kwa ajili ya muchezo ni kukodi kamyo ili ipeleke barua.

Basi swali la kweli ni: barua zetu zinachelewa wapi? Zinapanda ku satelite, zinashuka, kisha zinatembea mu kamba za chini ya ardhi na za bahari mpaka kwenye mashini kubwa ya wenye muchezo, na mingi ya hizo iko Ulaya ao Afrika ya Kusini. Toka hapa mpaka Paris ni zaidi ya kilometa 6,000 kwa mustari wa ndege. Mwangaza mu kamba za kioo unakimbia kilometa karibu 200,000 kwa sekonde. Piga hesabu ya kwenda na kurudi: milisekonde 60 zinaisha kabla mutu yeyote hajakosea. Hakuna antene nane zenye zitapunguza kilometa.

Zamani ilikuwa mbaya zaidi, na lazima niseme hii sababu wengine wanakumbuka zile sahani kubwa za satelite na wanafikiri satelite zote ni moja. Zile sahani zilizungumza na satelite yenye iko juu kilometa 35,786. Swali linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka, ni kilometa 143,000 kwa jumla, na hata mawimbi ya redio yenye kukimbia 300,000 kwa sekonde yanatumia karibu nusu ya sekonde. Mupira umekwisha kuingia mu lango lako na wewe bado unaona muchezaji anapiga. Satelite za Starlink ziko chini, kilometa karibu 550. Mu inchi yetu ARPTC iliikataza mu mwezi wa 3 wa 2024, kisha mu mwezi wa 5 wa 2025 ikatoa ruhusa. Antene yetu ni ya zile za chini. Kwa hiyo upande wa juu hatuna shida kubwa. Shida iko hapa chini kwetu, na niliitafuta.

Siku mbili za posho, kwa ruhusa ya muzee prefe, tulibeba PlayStation na televisheni mpaka ku veranda ya biro. Niliazima kamba ya metre 10, tukaifunga moja kwa moja ku kile kisanduku cheupe. Nilicheza na mutoto wa mama mudogo mwenye anasoma Lubumbashi. Ilikuwa muzuri sana. Nilimufunga tatu kwa moja, na yeye mwenyewe alikubali kwamba muchezo haukukwama. Telefone ilipima ucheleweshaji: 50, 55, 48. Kisha mutu mu biro akaanza kuteremsha filme. Dakika ile ile namba zikapanda 300, 400, na golikipa wangu akasimama kama sanamu. Filme ikaisha, namba zikashuka. Posho ya pili tulirudia kwa kusudi, na ikafanya vile vile.

Hapo nilielewa mambo mawili. Kamba imemaliza nusu ya shida. Nusu ingine ni mulolongo. Filme inamwaga magunia mengi mu mulango kwa mara moja, na ile barua ndogo ya muchezo inafika nyuma yao, inangoja zamu yake. Mutu wa mulangoni wa kwetu hajui kupanga. Anatoa kwa kufuata aliyefika kwanza. Ziko ruta zenye zinajua kupanga ule mulolongo: zinapunguza kidogo mwendo wa wote ili magunia yasijazane, kisha zinapitisha vitu vidogo mbele. Na si lazima ziwe za bei kali. Iko programu moja ya bure, OpenWrt, yenye watu wanaitengeneza tangu 2004, na inaingia mu visanduku vingi vya bei ndogo na kuvifundisha ile kazi. Kama tukinunua kisanduku, tununue cha namna hiyo, cha volti 12, chenye kinakula wati chache na kinaweza kukaa ku batri ya pano ya jua wakati grupu imezimwa. Ile kubwa ya taa nyekundu inakula mara tatu ao ine zaidi, na mafuta ya grupu munajua bei yake.

Mapendekezo yangu basi ni haya. Tununue kamba ya metre 50 ya kutosha kuzunguka depo. Kamba ya namna hii inafanya kazi mpaka metre 100. Tuipitishe mu tiyo ya plastiki chini ya udongo, kina cha mukono moja, vijana wa mwaka wa tatu wako na nguvu ya kuchimba. Nasema udongo na sisemi juu ya miti, sababu ya radi. Yaya mmoja wa mwaka wa sita aliniuliza hiyo radi, na aliuliza vizuri: kamba ya shaba kati ya nyumba mbili mu Maniema ni hatari, na tiyo ya udongo haiondoe hatari yote. Ndiyo maana mvula ikianza kunguruma lazima mutu achomoe pande zote mbili. Mimi najitolea kuchomoa upande wa sale. Upande wa biro tutaomba mulinzi.

Na tupange saa. Siku ya posho saa nane mpaka saa kumi, hakuna kuteremsha kitu mu biro. Kuteremsha michezo kufanyike usiku, kabla grupu haijazimwa saa tatu. Hii haina bei hata franga moja, lakini inaomba waalimu pia wakubali, na najua mwalimu mmoja ao wawili hawatafurahi kusoma mustari huu. Naomba radhi kwao. Mimi sijasema nani alikuwa anateremsha ile filme.

Sasa hesabu. Kamba, tiyo na vichwa vyake, kwa bei zenye nilisikia ku soko na ku kijana moja mwenye kutengeneza mashini, haifike dola 45. Kisanduku kidogo chenye kupanga mulolongo, kama tukikipata Bukavu, tuseme 35. Inabaki dola 80 mu kasa. Na ile kasa, yaya zangu, si ya PlayStation peke yake. Mwaka uliopita ndiyo ilimalizia malipo ya Exetat ya wenzetu wawili wenye wazazi wao walikuwa wamekimbia kijiji na hawakukuwa na kitu. Walipita wote wawili. Mwaka huu nahesabu watatu wenye bado hawajakamilisha, na wote watatu ni wa mwaka wa sita, ni wa darasa lenu ninyi wenye kutaka antene nane. Majina siandiki, munawajua. Mmoja wao ndiye aliinua mukono wa kwanza kukubali ruta, sababu aliona haya kuinua wa kukataa.

Kama kuna mutu mwenye anafikiri nimekosea juu ya ile namba ya chini, PlayStation iko mu kabati ya sale na funguo iko kwa surveya. Aigeuze asome mwenyewe. Siku ya nne nitakuja ku kikao na ile kamba ya metre 10 na telefone ya kupimia. Tutafunga mashini mbele ya wote, moja atateremsha filme, na tutaangalia namba pamoja kabla ya kupiga kura.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano, sehemu ya ualimu