Njia ya Watu Wote Si Banda la Mtu Mmoja

Wako watu mijini wanenao neno hili kwa sauti kuu: "Njia ni ya watu wote, kwa hiyo kusimamisha motokaa njiani kusitozwe hata senti moja." Neno hili lasikika vizuri masikioni, na wengi hulikubali kabla ya kulifikiri. Mimi nalipinga. Nasema ya kuwa, kwa sababu njia ni ya watu wote, mtu aichukuaye sehemu yake na kuifunika kwa chuma chake mchana kutwa na usiku kucha yampasa kulipa. Asipolipa yeye, wengine humlipia, nao mara nyingi ni wale wasio na motokaa kabisa.

Labda msomaji wa kijijini atauliza, "Jambo hili lanihusu nini mimi, ambaye motokaa hupita kwetu siku ya mnada tu?" Lakini hakika analijua tayari. Mtu atandazaye bidhaa zake sokoni hutozwa ushuru wa mahali alipokaa, wala halii kwamba soko ni la watu wote. Ajua ya kuwa pasipo ushuru yule aliyewahi alfajiri angetandika jamvi lake pale na kwenda zake, na wengine wangezunguka na vikapu kichwani mpaka jua la utosi. Motokaa iliyosimamishwa njiani ni jamvi lililotandikwa. Tofauti ni kwamba jamvi hili lina magurudumu, na mwenyewe husikilizwa barazani.

Natwaa mfano wa mji wa San Francisco, katika jimbo la California nchini Marekani, kwa sababu kule jambo hili limejaribiwa kwa hesabu, si kwa maneno matupu. Mji ule umekaa juu ya vilima, kwenye ncha ya nchi yenye maji pande tatu. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 121 tu, na watu wake ni zaidi ya 800,000. Katika mitaa ya zamani nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta, na nyingi zilijengwa kabla motokaa hazijaenea, basi hazina ua wala banda la gari. Kwa hiyo magari hulala njiani. Wakuu wa mji walizihesabu nafasi za kando ya njia, wakaona ni zaidi ya 270,000. Na katika hizo karibu sehemu moja ya kumi tu ndizo zenye mita za kutoza fedha. Zilizobaki ni za bure, au karibu na bure.

Na bure hii yazaa nini? Yazaa kuzunguka. Dereva afika, aona ukingo wote umejaa, apinda kona, arudi, apinda tena, macho yake yakiwa kwenye pengo analolitafuta, si kwa mtoto avukaye. Profesa Donald Shoup, wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Los Angeles, aliyefariki mwaka 2025, alitumia miaka mingi ya maisha yake kulichunguza jambo hili ambalo wataalamu wenzake waliliona dogo mno, akaandika juu yake kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 2005. Alipima mtaa wa maduka uitwao Westwood Village, jirani na chuo chake. Kila dereva alizunguka dakika tatu na kidogo. Mtu atacheka na kusema, dakika tatu ni kitu gani? Hebu na ajumlishe. Katika mwaka mmoja, ndani ya mtaa ule mdogo, kuzunguka huko kulifika maili 950,000, yaani kama kilomita milioni moja na nusu, sawa na kuizunguka dunia mara 38. Petroli iliyoteketea ilikuwa galoni 47,000. Safari zote hizo hazikumfikisha mtu popote, kwa maana kila mmoja alikuwa amekwisha kufika.

Mita yenyewe si jambo jipya. Ya kwanza iliwekwa katika mji wa Oklahoma City mwezi wa Julai mwaka 1935, kwa shauri la Bwana Carl Magee, mtu wa magazeti. Shida yao ilikuwa hii: wafanyao kazi madukani na maofisini walifika asubuhi, wakasimamisha magari yao mbele ya maduka hadi jioni, na wanunuzi wakakosa pa kusimama. Mita ikawatoza senti 5 kwa saa, nao wakaenda mbali kidogo. Yasimuliwa ya kuwa mmoja wa watu wa kwanza kushtakiwa kwa kupitisha saa alikuwa mhubiri, naye akajitetea kwamba alikwenda kutafuta chenji, hakimu akamwachilia. (Naleta kisa hiki ili wasomaji wasidhani kwamba watu wa kanisa ni wageni katika shauri hili. Nitarudi kwao.)

Lakini mita za zamani zilikuwa na upungufu mkubwa. Bei yake ilikuwa moja, asubuhi na mchana, mtaa wenye watu na mtaa mkavu. Njia moja ilijaa hata pasipenye sindano, na ya pili yake, hatua mia tu, ilikuwa tupu. Ndipo mwaka 2011 mji wa San Francisco ulipoanza jaribio liitwalo SFpark, katika mitaa saba. Chini ya lami walitia vyombo vya kutambua kama gari lipo au halipo. Kila baada ya majuma machache walitazama hesabu ya kila kipande cha njia. Kikijaa kupita sehemu 80 katika 100, bei ilipanda senti 25 kwa saa. Kikiwa na nafasi nyingi, bei ilishuka senti 25, au 50 kama kilikuwa karibu kitupu. Bei ya chini kabisa ilikuwa senti 25, na ya juu dola 6. Shabaha haikuwa kujaza hazina. Walitaka katika kila kipande ibaki nafasi moja au mbili wazi, ili ajaye apate.

Na matokeo? Wapinzani walitabiri ya kwamba bei itapaa kama tiara. Jaribio lilipokwisha mwaka 2013 na kuhesabiwa, bei ya mita kwa wastani ilikuwa imeshuka kwa senti 11. Muda wa kutafuta nafasi ulipungua kwa sehemu 43 katika 100. Faini pia zilipungua, maana mtu apataye nafasi kwa urahisi, na kuruhusiwa kukaa muda wa kutosha, hana haja ya kuvunja sheria. Mwishoni mwa mwaka 2017 wakuu wa usafiri wa mji walikubali kutumia desturi hiyo kwa mita zote za mji. Hayo yamekwisha kutendeka, na bado wako watu wasimamao barazani kusema haiwezekani.

Sasa na tuyatazame maneno yao moja moja. La kwanza ni maskini. Wasema kwamba ada ya njia humwonea mnyonge. Nami nauliza, mnyonge yupi? Katika mji huo huo, karibu nyumba tatu katika kila kumi hazina motokaa hata moja. Mnyonge halisi yumo ndani ya basi, na basi limesimama nyuma ya gari la mtu aliyesimama katikati ya njia kwa kuwa amekosa ukingo. Fedha za mita za San Francisco huingia katika mfuko wa shirika lile lile liendeshalo mabasi ya mji. Kwa hiyo mwenye kutetea bure kwa jina la maskini amnyang'anya maskini mara mbili: ampotezea saa yake, kisha ampunguzia basi lake. Nakubali ya kuwa yuko fundi mwenye gari bovu na vyombo vyake vya kazi ndani, ambaye dola kadhaa kwake ni nyingi. Huyo apewe nafuu yake kwa wazi, kwa kipimo cha mapato yake. Lakini kumnusuru mmoja kwa kuwasamehe matajiri elfu si huruma.

La pili ni wenye maduka, waogopao kuwapoteza wanunuzi. Jibu lao liko Pasadena, mji wa jimbo lile lile. Mtaa wake wa zamani ulikuwa umechakaa, na wenye maduka waliikataa mita kwa nguvu, hali wafanyakazi wao wenyewe ndio waliozishika nafasi za mbele ya milango. Wakuu wa mji wakawaambia: kila senti itakayotozwa hapa itatumika hapa hapa. Upinzani ukaisha. Mwaka 1993 mita ziliwekwa, dola moja kwa saa, na kwa fedha hiyo njia za miguu zilijengwa upya, miti ikapandwa, taa zikawashwa, vichochoro vikasafishwa. Wanunuzi waliongezeka. Mtu hakasiriki kulipa akiona kwa macho yake kilichofanywa na fedha yake. Hukasirika inapotumbukia katika shimo la serikali lisilo na mwisho wala taarifa, na hasira hiyo mimi siilaumu.

La tatu ni wenyeji wa mtaa, nao ndio wagumu kuliko wote, maana kila mmoja huamini moyoni kwamba mahali mbele ya mlango wake ni pake. Huko Boston, theluji ikianguka, mtu aliyefukua mahali pa gari lake huweka kiti au pipa katikati, kama alama ya miliki, na mji umekuwa ukiivumilia desturi hiyo kwa saa 48 baada ya tangazo la hatari kuondolewa. Mwenye kufukua kwa jasho lake namwelewa. Yule ambaye hakufukua kitu, naye adai vile vile mwaka mzima, simwelewi. Miji mingi huwatuliza watu hawa kwa kuwapa hati za wenyeji kwa bei ndogo, bila kuhesabu kwanza nafasi ni ngapi. Hati zikizidi nafasi, mwenye hati amepewa ruhusa ya kuwinda tu, wala hakuahidiwa nyama. Wajapani walikata neno mapema: kwa sheria yao ya mwaka 1962, mtu anayetaka kuandikisha motokaa sharti kwanza aonyeshe kwa hati ya polisi kwamba anapo mahali pa kuiweka, nje ya njia ya watu, umbali usiozidi kilomita mbili kutoka kwake. Asiyekuwa na zizi asinunue ng'ombe. Ndiyo maana katika vichochoro vya Tokyo, mji mkubwa kupita kiasi, watoto hutembea kwa miguu kwenda shule bila kujipenyeza baina ya magari yaliyolala.

Sharti niwaonye pia walio upande wangu, wasije wakadhani kila mita ni njema. Mwezi wa Desemba mwaka 2008 wakuu wa Chicago waliwakodisha wenye mitaji mita zao 36,000 kwa muda wa miaka 75, kwa dola zaidi ya bilioni moja. Wajumbe wa baraza walipewa siku chache tu za kuusoma mkataba, wakaupitisha. Mwaka uliofuata mkaguzi wa mji alitoa taarifa kwamba mji ulipunjwa kama dola milioni 974. Bei zikapanda upesi, na sasa mji ukitaka kuzifunga nafasi kwa ajili ya njia ya baiskeli au sherehe ya mtaa, huenda ukalazimika kuwalipa wale wenye mitaji fidia kwa njia yake wenyewe. Mkataba utakwisha mwaka 2083. Ushuru wa soko ukiuzwa kwa mgeni, soko limeuzwa.

Nasema sasa juu ya watu wa kanisa. Mita za San Francisco zilipoanza mwaka 1947, Jumapili ilikuwa bure, kwa sababu maduka yalifungwa. Siku hizi maduka hufunguliwa, na ukingo wa njia Jumapili hujaa. Mwezi wa Januari mwaka 2013 mita zikaanza kutoza Jumapili pia, tangu saa sita mchana hadi saa kumi na mbili jioni, ili ibada za asubuhi zisiguswe, na wakuu wa usafiri walipopima, nafasi zilizo wazi katika mitaa ya maduka zilikuwa zimezidi mara mbili. Lakini malalamiko yalikuwa mengi, na sauti za makanisa zilisikika miongoni mwake. Mwaka 2014 Meya Edwin Lee, ambaye wakati huo alitaka wapiga kura wamkubalie mpango wa fedha za usafiri, alishauri zikomeshwe, nazo zikakoma mwezi wa Julai. Kadhalika katika njia iitwayo Dolores, kwa miaka mingi waendao ibadani wamesimamisha magari katikati ya njia, kandokando ya miti, kinyume cha sheria, na polisi wametazama upande mwingine.

Mimi ni mtu wa kanisa, nami siuoni msingi wa msamaha huu. Siku ya Bwana haikuwekwa ili wenye magari wapewe zawadi na mji. Mtu mzima aliyekwenda ibadani kwa basi Jumapili zile zile alilipa nauli yake kamili, kama siku ya kazi.