Karata za Mwanao ni Mali ya Nani?

Sisi tulipokuwa wadogo, mali yetu ilikaa mfukoni: gololi na vifuniko vya soda. Ulishinda, mfuko ukajaa. Ukashindwa, ukarudi nyumbani umenuna. Lakini hakuna aliyeamka asubuhi akakuta gololi zake zote zimetoweka eti kwa sababu mwenye uwanja amefunga lango.

Mwanao leo huenda anacheza katika uwanja wa aina hiyo. Nikupe kisa cha Club Penguin, ulimwengu wa watoto katika intaneti uliofunguliwa mwaka 2005 huko Kanada. Ndani yake kila mtoto alikuwa ndege aina ya pengwini, akiwa na nyumba yake ya theluji na marafiki wa kuzungumza nao. Mwaka 2007 kampuni ya Disney iliununua kwa dola milioni 350.

Mwaka uliofuata ukaletwa humo mchezo wa karata ulioitwa Card-Jitsu. Kila mchezaji alishika karata tano. Moto uliyeyusha theluji, maji yaliuzima moto, nayo theluji iliyashinda maji. Aina moja ikikutana na mwenzake, nambari kubwa ndiyo iliyoshinda. Mtoto alipanda kutoka mkanda mweupe hadi mweusi, kisha akamkabili mwalimu mwenyewe, Sensei, ili awe ninja.

Sasa sikiliza palipo na fedha. Karata hizo pia ziliuzwa madukani, za karatasi kabisa, katika pakiti. Ndani mlikuwa na nambari ya siri. Mtoto akiiandika kwenye kompyuta, anaongezewa karata kule ndani. Bila shaka unajua ni mfuko wa nani uliotobolewa!

Mwishoni mwa Machi 2017, Club Penguin ilifungwa. Mikanda, nyumba na karata za miaka mingi zikaenda nayo. Ulimwengu mpya uliochukua nafasi yake nao ukafungwa mwaka 2018. Zile karata za karatasi, ambazo huenda wengi walizitupa baada ya kuandika nambari, ndizo pekee ambazo mtoto angeweza kuzishika mkononi.

Je, umkataze mwanao? La hasha! Mchezo ule ulimfunza kuhesabu, kukisia nia ya mwenzake na kukubali kushindwa. Hayo hayakufungwa na mtu. Lakini siku atakapokujia mbio, simu mkononi, akikuomba shilingi mia mbili za kununua karata au vazi la mchezoni, usikimbilie kulipa wala kufoka. Keti naye. Mwombe akufundishe, ucheze naye walau mara moja. Kisha muulize: mchezo huu ukifungwa kesho, utabaki na nini? Akijibu kwamba atabaki na furaha ya leo, basi ajue kwamba anacholipia ni furaha, kama tikiti ya sinema, wala si mali ya kuweka.

Nawe mwanafunzi unayesoma ukurasa huu, usicheke. Jiulize swali hilo hilo kabla hujaimaliza pesa ya matumizi.

Wahenga walinena, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tukutane Jumapili ijayo, majaliwa.