Kontena Lashuka, Baharia Abaki

Sisi tunaofanya kazi kwenye meli za mizigo, pamoja na wake zetu, mama zetu na wenye maduka wanaotukopesha tukingoja mkataba, tuna neno kuhusu viza za mabaharia. Tumelisema hapa Mombasa, Likoni hadi Kisauni, na bado linatukera.

Tuanze na Marekani. Zamani nahodha alipeleka orodha ya mabaharia wake wote, ikagongwa viza moja, kazi ikaendelea. Utaratibu huo ulifutwa 2004. Tangu hapo kila baharia anajitafutia viza yake, ile iitwayo C1/D, kwa ada iliyofika dola 185 mwaka 2023, ambayo hairudi hata ukinyimwa. Mtu wa Mombasa anapanda basi usiku kucha hadi Nairobi, analala kwa jamaa, kisha anaamkia ubalozi wa Marekani, Gigiri, kuhojiwa dakika chache.

Na hapo kwenye mahojiano unatakiwa kuonyesha barua ya kampuni iliyokuajiri. Ukienda kwa wakala wa ajira, swali lake la kwanza ni, "C1/D unayo, ndugu?" Kama huna, faili lako linakwenda chini ya mengine, anaitwa mwenye nayo. Barua inangoja viza, viza inangoja barua, na mtoto amerudishwa nyumbani kwa sababu ya karo.

Haya, tuseme umeipata. Viza inakufikisha bandarini tu. Afisa wa uhamiaji hupanda melini, na ndiye anayeamua kama utapewa kibali cha kushuka, ambacho hakizidi siku 29. Asiye na viza hakanyagi gati. Kuna meli zinazolazimika kukodi walinzi wa kusimama chini ya ngazi, kwa pesa za mwenye meli, ili mpishi asiende kununua laini ya simu! Mwenzetu mmoja alikaa hivyo Houston, ameegemea reli, kreni zikishusha kontena usiku kucha na malori yakitoka nayo getini. Dawa ya meno na kadi ya simu alimwagiza Mfilipino mwenye viza.

Wanatuambia ni usalama, kwa ajili ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001. Sawa. Lakini si ndiyo sababu mataifa yalikaa Geneva mwaka 2003 yakapitisha Mkataba Namba 185 wa Shirika la Kazi Duniani? Walikubaliana baharia abebe kitambulisho chenye alama za vidole, naye aruhusiwe kushuka kupumzika bila viza. Alama za vidole tuko tayari kutoa, hata za miguu wakitaka. Marekani yenyewe haijauridhia mkataba huo.

Ya korona hatujayasahau. Mwaka 2020 mabaharia wapatao 400,000 walikwama baharini mikataba yao ikiwa imekwisha, wengine wamepita mwaka mzima, ilhali kanuni za kimataifa hazitaki mtu akae melini zaidi ya miezi 11 mfululizo. Tuliitwa wafanyakazi muhimu, na viwanja vya ndege vikafungwa mbele yetu.

Hapa Kilindini Wahindi na Wafilipino hushuka kwa kibali, wakala biriani, wakanunua vinyago, wakarudi melini kwao. Hatusemi wazuiwe, wastahili. Tunauliza tu kwa nini sisi tukifika kwa wengine tunahesabiwa watoro kabla hata hatujavaa viatu.

Kwa serikali zetu tuna ombi. Kila baharia apate kitambulisho hicho cha mkataba wa Geneva bila kuzungushwa ofisi hadi ofisi. Na mkiketi na mataifa hayo makubwa kuzungumzia biashara ya chai na kahawa, dai la kitambulisho hicho kutambuliwa bandarini kwao liwekwe mezani kabla ya kutia saini, maana wanaopeleka hizo chai na kahawa ni sisi.