Hukumu ya Shamba: Nani Apime Madhara Mafuta Yanapovamia Pwani?

Kila sifa njema inamstahikia Allah (SW), Mola wa nchi kavu na bahari. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, yapo maneno mawili ambayo husikika misikitini kila inapotajwa habari ya mafuta kumwagika baharini. La kwanza ni kwamba jambo hilo ni la wanasayansi na serikali, wala halihusiani na dini. La pili ni kwamba bahari ni pana, itajisafisha yenyewe kwa uwezo wa Allah. Maneno yote mawili husemwa kwa nia njema, na yote mawili ni makosa. Tena ni makosa yanayowanufaisha watu wa aina moja tu: wale waliomwaga mafuta na wasiotaka kulipa.

KESI YA KONDOO NA SHAMBA

Katika Surat Al-Anbiyaa tumesimuliwa kesi iliyofikishwa mbele ya Nabii Daudi na mwanawe Nabii Suleiman (AS). Kondoo wa watu waliingia usiku katika shamba la mwingine na kuliharibu. Wafasiri wanaeleza kuwa Nabii Daudi (AS) alihukumu mwenye shamba apewe kondoo wale kuwa fidia ya hasara yake. Nabii Suleiman (AS) akaona njia nyingine. Mwenye kondoo alihudumie shamba mpaka lirudi kama lilivyokuwa, na kwa muda wote huo mwenye shamba akae na kondoo, anufaike na maziwa na sufi yao. Shamba likisharudi katika hali yake, kila mmoja achukue kilicho chake. Allah (SW) akabainisha kuwa wote wawili walipewa hekima na elimu, lakini ufahamu wa kesi ile alipewa Suleiman.

Tuizingatie hukumu hii, kwani ndani yake mna mambo matatu. Kwanza, kilichoharibiwa kinarudishwa, hakilipiwi bei tu kikaachwa kimekufa. Pili, aliyedhurika anafidiwa manufaa anayoyakosa katika muda wa kusubiri. Tatu, mwenye kondoo hakuachiwa yeye aseme ni kiasi gani kilicholiwa. Ukichunguza kesi za mafuta za zama zetu, utakuta kila dhuluma imetokea pale lilipoachwa mojawapo ya mambo haya.

GHUBA YA MWAKA 1991

Mnamo Januari 1991, wakati wa vita vya Kuwait, jeshi la Iraq lilifungulia baharini mafuta ghafi kutoka bandari na meli za mafuta za Kuwait. Makadirio mengi ni kati ya mapipa milioni 4 na milioni 11. Mkondo wa bahari uliyasukuma kusini mpaka Saudi Arabia, na zaidi ya kilomita 600 za pwani yake zikapakwa mafuta, kuanzia upande wa Khafji hadi kisiwa cha Abu Ali.

Hapa ndipo hoja ya "bahari itajisafisha" ilipojaribiwa. Katika fukwe za mchanga na miamba zinazopigwa na mawimbi, mafuta mengi yalioshwa baada ya miaka michache. Mtu aliyesimama hapo angeweza kurudi nyumbani na kusema kuwa mambo yamekwisha. Lakini vinamasi vya chumvi, yaani yale maeneo tulivu ya matope na majani ambayo maji hujaa na kupwa, vilikuwa na habari nyingine kabisa.

Kinamasi hupumua kupitia mashimo ya kaa. Kaa kwa maelfu hutoboa matope, na kila maji yanapoingia na kutoka, hewa hupenya chini. Mafuta yalipokuja yalitumia mashimo yale yale, yakazama makumi ya sentimita ndani ya udongo. Kule chini hakuna hewa ya kutosha, na vijidudu ambavyo Allah amevijaalia kula mafuta haviwezi kufanya kazi yao bila hewa. Juu yake likafanyika gamba gumu mfano wa lami. Mbegu zikashindwa kuota, kaa wakashindwa kurudi; na kwa kuwa kaa hawakurudi, hapakuwa na wa kutoboa mashimo mapya ya kuingiza hewa. Ugonjwa ukawa unajilinda wenyewe.

Saudi Arabia ilipofanya upimaji mkubwa wa pwani hiyo mwaka 2002 na 2003, kwa kuchimba na kutazama badala ya kutembea juu juu, ilikuta zaidi ya mita za ujazo milioni 8 za udongo na mchanga bado zina mafuta. Hiyo ilikuwa miaka 12 baada ya tukio! Anayesema bahari hujisafisha, aulizwe: alichimba wapi?

Ni kweli kwamba Allah (SW) ameiumba bahari ikiwa na uwezo wa kujitakasa. Lakini ameumba pia mwili wenye uwezo wa kupona jeraha, na hakuna faqihi aliyesema kuwa aliyemjeruhi mwenzake asamehewe dia kwa sababu kidonda kitapona. Wala kadari haimfutii mtu dhamana. Anayeua kwa bahati mbaya hulipa dia, na hali ajali ile nayo imo katika kadari ya Allah.

KUPIMA KWANZA, KUHUKUMU BAADAYE

Azimio namba 687 la Baraza la Usalama, la Aprili 1991, liliiwajibisha Iraq kwa uharibifu wa mazingira na maliasili. Tume ya Fidia ya Umoja wa Mataifa ikaundwa. Mwaka 2001, kabla ya kuhukumu fidia ya uharibifu wenyewe, tume hiyo iliidhinisha takriban dola milioni 243 kwa ajili ya kazi ya kuchunguza na kupima tu. Baadaye iliidhinisha zaidi ya dola milioni 460 za kutengeneza pwani ya Saudi Arabia, na kando yake fedha za kufidia manufaa ya pwani yaliyopotea katika miaka ya kusubiri. Kurudisha, na kufidia muda wa kusubiri: je, si hukumu ya Suleiman (AS) hiyo? Wanasheria wa New York na Geneva wameifikia baada ya vita na makaratasi mengi. Sisi tunaisoma katika mus-hafu tangu utotoni, lakini hatuitumii.

Hatusemi kwamba tume hiyo ilitimiza uadilifu. Madai ya mazingira yaliyowasilishwa yalifikia takriban dola bilioni 85, na yaliyokubaliwa yalikuwa takriban bilioni 5.3. Mengi yalikataliwa kwa kukosa ushahidi wa kutosha, na hasa ushahidi wa jinsi mahali palivyokuwa kabla ya madhara. Tena fidia zote za vita ile zilikatwa katika mapato ya mafuta ya Iraq, na malipo ya mwisho yalikamilika Januari 2022. Waliotoa amri ya kufungulia mafuta walikwisha kutoweka. Waliolipa ni pamoja na watoto ambao mwaka 1991 walikuwa hawajazaliwa. Dini yetu haimbebeshi mtu mzigo wa mwingine. Kwa hiyo dhamana lazima iandikwe mapema, ikiwa na jina la mwenye kuwajibika, isije ikawaangukia wasiohusika.

MWENYE KONDOO ANAPOSHIKA MIZANI

Sasa tutazame pale ambapo aliyeharibu ndiye aliyepima. Mwaka 2008 bomba la kampuni ya Shell lilivuja mara mbili huko Bodo, katika Delta ya Niger nchini Nigeria. Mikoko ikafa, na vijito walivyovitegemea wavuvi vikajaa mafuta. Ripoti ya uchunguzi ambayo kampuni yenyewe ilishiriki kuiandaa ilisema uvujaji wa kwanza ulikuwa wa mapipa 1,640. Makadirio huru yaliyotolewa na Amnesty International mwaka 2012 yalizidi mapipa 100,000. Mwaka 2014, kesi ikiwa mahakamani London, kampuni ilikiri kuwa kiasi halisi kilikuwa kikubwa kuliko ilichokuwa ikikitaja. Kabla ya hapo, kwa mujibu wa Amnesty, wanakijiji walikuwa wameletewa magunia ya mchele na maharage. Mwaka 2015 kampuni ikakubali kulipa pauni milioni 55.

Tupime wenyewe masafa yaliyopo kati ya magunia ya mchele na pauni milioni 55. Masafa hayo hayakuletwa na huruma. Yaliletwa na wanakijiji waliokataa kipimo cha mkosaji.

Mtu asidhani kuwa haya ni ya Afrika tu. Mwaka 2010, kisima cha BP kilipolipuka katika Ghuba ya Mexico na kuua wafanyakazi 11, umma uliambiwa kwanza kuwa yanatoka mapipa 1,000 kwa siku, kisha 5,000. Wanasayansi wa serikali ya Marekani walipomaliza hesabu zao walikuta ni kati ya 53,000 na 62,000. Mafuta yakaingia katika vinamasi vya Louisiana, majani yakafa, mizizi ikaacha kushika udongo, na kingo zikamomonyoka kwa kasi zaidi kuliko kawaida. Ardhi iliyokwenda na maji haisafishwi tena, kwa kuwa haipo.

Surat Al-Mutaffifin imewaonya vikali wenye kupunja vipimo, wanaojipimia kwa ukamilifu na kuwapunguzia wengine. Tumezoea kumsomea onyo hilo muuza unga sokoni. Basi mwenye kulipunja pipa la mafuta mbele ya wavuvi maskini aitwe nani?

Na hapa tuseme jambo moja waziwazi, kwa kuwa tumewahi kusikia likinong'onwa. Watu wa Bodo wengi wao si Waislamu. Hilo halibadilishi chochote. Dhuluma haina kibla. Anayenyamaza kwa sababu aliyedhulumiwa si wa dini yake, hajaijua dini yake.

SISI NA PWANI YETU

Mwaka 2005 mafuta ya meli yalimwagika Mombasa na kuingia katika mikoko ya Port Reitz. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, limeelekezwa Chongoleani, Tanga, mahali penye mikoko, wavuvi na misikiti. Hatusemi kuwa balaa litatokea. Tunamwomba Allah atuepushe nalo. Lakini anayemwamini Allah humfunga ngamia wake kwanza.

Kwa hiyo tunazinasihi kamati za misikiti ya pwani mambo manne. Kwanza, iandikwe leo hali ya vinamasi na mikoko yetu: mipaka yake, picha zake zenye tarehe, kaa, kamba na samaki wanaopatikana kila msimu. Wazee wavuvi ndio wajuzi wa jambo hili, na ushahidi wa mjuzi ni hoja katika sheria yetu. Madai mengi ya Ghuba yaliangukia hapa hapa. Pili, tudai mikataba itaje mpimaji asiyelipwa wala kuchaguliwa na kampuni, na itaje mwenye dhamana kwa jina. Tatu, msikiti usiwe ukumbi wa kugawia magunia ya kunyamazisha watu, wala imamu asiweke saini kwa niaba ya wavuvi wasioshauriwa. Nne, fidia ikija, tuulize kwanza swali la shamba: kinamasi kitarudi lini kama kilivyokuwa, na katika muda huo mvuvi atakula nini?

Wapo watakaosema kuwa tunachanganya dini na siasa. Tunawajibu: Nabii Daudi na Nabii Suleiman (AS) waliketi kuhukumu kesi ya kondoo waliokula shamba, na Allah (SW) akaihifadhi kesi hiyo katika Kitabu chake isomwe mpaka Siku ya Kiyama. Kama shamba moja lililoliwa usiku mmoja lilistahiki hukumu ya Mitume wawili, kilomita mia sita za pwani zinastahiki walau khutba moja ya Ijumaa.

Tunamwomba Allah (SW) atupe ufahamu alioutunuku kwa Suleiman, na atujaalie tuwe mashahidi wa haki hata ikiwa chungu.

Wabillahi Tawfiq.