KAZI YA KIZIWI IPIMWE KWA MIKONO YAKE

Apitaye Manyatta asubuhi, katika miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu, huona watu wengi mashambani wakichuma chai. Kazi hiyo yataka jicho la kuchagua majani mawili na chipukizi lake, na vidole vyepesi. Majani yakiisha kupelekwa kupimwa, mizani haiulizi kama mchumaji asikia au hasikii. Hata hivyo, kijana kiziwi aombapo kazi, mara nyingi huambiwa kwamba hataelewa maagizo. Je, wasomaji, hukumu hiyo ni ya haki?

Yafaa tutenge mambo mawili: kushindwa na kazi, na kutofikiwa na agizo. Msimamizi asimamaye mwisho wa shamba na kupaza sauti kwamba wachumaji wahamie upande wa mto, amewaagiza wenye kusikia tu. Kiziwi akibaki alipokuwa huitwa mkaidi, na kosa si lake. Laiti msimamizi angalimgusa bega na kumwonyesha kwa mkono, kazi ingalikwenda sawa.

Naye asikiaye kidogo aambiwe ana kwa ana, mahali penye mwanga, kwa maneno ya taratibu. Kumpigia kelele hakumsaidii, kwa maana hupotosha mwendo wa midomo ambayo yeye huitazama. Maagizo marefu yaandikwe. Tena asiulizwe tu kama ameelewa, kwani wengi huitikia kwa kichwa kwa kuona haya. Bali aombwe aonyeshe alivyoelewa. Penye mashine, taa iwekwe pamoja na king'ora, ili hatari ionekane kwa macho. Mambo haya hayahitaji mali nyingi, ila subira na busara.

Wako na wengine ambao hawakuzaliwa viziwi, bali kazi yenyewe yawapunguzia masikio: wasaga unga, wapasua mbao, wachomeleaji vyuma na watu wa viwandani. Kelele kubwa ya kila siku huua chembe ndogo za kusikia zilizo ndani ya sikio, nazo zikifa hazioti tena. Ndiyo sababu kanuni za Kenya za mwaka wa 2005 zilikataza mfanyakazi kukaa katika kelele ipitayo wastani wa desibeli 90 kwa saa 8 za siku. Mwenye mashine atoe vizuizi vya masikio, naye mfanyakazi avivae bila kuona vinamsumbua.

Wengi waanzapo kupoteza kusikia hunyamaza, wakihofu kufukuzwa. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Aonaye kwamba masikio yake yavuma jioni baada ya kazi, au kwamba watu wa nyumbani humwambia jambo mara tatu, na aende hospitali kupimwa mapema. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 humkataza mwajiri kumbagua mtu kwa ajili ya ulemavu wake.

Vijana wa shule za viziwi, kama ile ya St. Luke's ya Embu na ile ya Kaaga huko Meru, hutoka na Lugha ya Ishara, ambayo Katiba ya mwaka wa 2010 imeihesabu miongoni mwa lugha rasmi za Bunge. Ikiwa lugha hiyo yafaa Bungeni, haikosi kufaa katika shamba la chai. Kila msimamizi na ajifunze kwa mfanyakazi wake ishara chache za kazi: njoo, ngoja, pima, acha, hatari. Kisha, baada ya mwezi mmoja, na aitazame kazi ya mikono ya mtu huyo, ndipo atoe hukumu.